Firigisi ya Mzee Luseno

Nzisa uko? Niko hapa kwa ngazi. Hata usiniulize hali.

Leo mjomba wa mume wangu Wanyonyi, mzee Luseno, amekuja kututembelea hapa Tassia. Nikamchinjia jogoo. Na kwetu Waluhya firigisi ni ya mgeni, hiyo hata Nabalayo wangu na miaka yake saba anajua.

Napakua, firigisi hakuna! Nakoroga sufuria mpaka chini. Hakuna!

Wanyonyi akaanza, mbele ya mzee: "Ni huyu mtoto, ndiye alikuwa jikoni. Mama Nabalayo, hujamfunza adabu."

MIMI sijamfunza adabu! Mimi!

Kwa aibu nikamvuta mtoto sikio, nikampigisha magoti aombe msamaha. Akaomba, Nzisa. Bila kubisha. Mzee akala paja, uso umemkunjana.

Sasa mzee ameondoka. Nikamwita Nabalayo pembeni, nikamuuliza kwa nini alikula.

"Si mimi, mama. Ni baba. Aliichota na kijiko ukienda kuanua nguo."

Mbona hukusema?

"Si ulisema mtoto haaibishi mkubwa mbele ya wageni?"

Nzisa!! Baba mzima! Ameketi pale kwa kiti anafuta midomo, na mtoto amepiga magoti kwa sababu ya tumbo lake! Na ati adabu!

Wa miaka saba nimeshamwomba msamaha. Sasa narudi ndani kwa yule wa arobaini na mbili.