Sura ya Saba ya Mama Mkwe

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na hao wanangu wawili wasiojua kukaa kimya. Mguu uliotenguka umepona, au bado unajidai hauumi huku unachechemea? Sisi huku hatujambo. Mume wangu mzima, mama mkwe mzima ila macho, na mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote, halafu ukuta kati ya chumba chetu na cha mama mkwe ni mwembamba. Nikipiga chafya ananiombea afya kutoka upande wa pili.

Unaikumbuka ile blogu yangu ya kuhakiki riwaya za Kikristo, uliyosema ni kazi ya mtu asiye na kazi? Bado ipo. Kule kazini kwangu, kwenye duka la miwani, mteja akiingia ndani kupimwa macho, mimi hubaki mapokezi na kitabu chini ya kaunta. Nimesoma wachumba waliokutana kwenye kwaya mpaka nikimwona mwanakwaya wa kweli namwonea huruma. Najiita Bi Miwani, na hakuna anayejua ni mimi ila wewe. Nilijificha ili niseme kweli, maana kanisani kwetu mtu akitoa kitabu, hata kiwe kibovu vipi, inabidi useme Bwana asifiwe. Sheria yangu ni moja tu: nikilia nasema nimelia, nikisinzia nasema nimesinzia. Kwa hiyo watu wananiamini. Mama mchungaji hachagui kitabu cha kikundi chake cha akina mama mpaka Bi Miwani awe ameshasema.

Basi mwaka jana mama mkwe naye akatoa riwaya. Aliichapa mwenyewe kwa vidole viwili, miezi kumi na minne, mimi nikisikia tak, tak, tak ukutani. Siku ilipotoka alinipa nakala moja jikoni, akaniambia nikipata nafasi nisome, akaondoka haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Nilisoma, dada. Ilikuwa nzuri hadi sura ya saba. Humo kuna mama anayemwambia mkwewe mbele ya wageni kwamba nyumba ile ina vyumba vingi kuliko watoto. Unayajua maneno hayo. Ndiyo yaleyale aliyonitamkia mimi mbele ya wageni wake mwaka wa pili wa ndoa bila mtoto, nikakupigia simu nikilia chooni huku nimefungulia bomba. Baadaye katika sura hiyo yule mama anapiga magoti jikoni, kwenye sakafu yenye maji, anaomba msamaha.

Mimi magoti sikuyaona kabisa. Niliona aibu yangu imepigwa chapa, kanisa zima litasoma. Nikafungua blogu palepale kazini, nikampa nyota mbili, nikaandika kwamba sura ya saba ni uongo mtupu, kwamba mama mkwe wa namna hiyo hayupo chini ya jua. Wee, maoni yalivyomiminika! Mama mchungaji akachagua kitabu kingine.

Macho ya mama mkwe yalikuwa yameshaanza kufanya ukungu, kompyuta akawa haioni. Unadhani alimwita nani amwandikie barua pepe kwa Bi Miwani? Mimi, dada. Nikakaa pale mezani nikajiandikia mwenyewe: Mpendwa Bi Miwani, mimi ni mzee wa miaka sitini na sita. Kesho yake nikajibu kwa simu nikiwa dukani, na jioni nikamsomea jibu langu kwa sauti isiyo yangu. Akafurahi kwamba Bi Miwani ana adabu. Siku hizi ananiuliza mara tatu kwa siku kama Bi Miwani amejibu. Anamwombea mezani, nami naitikia amina. Mume wangu anacheka, anasema wanawake na vitabu vyao. Mdomo uliniponza, na sasa kila nikijaribu kuchomoka nazidi kuzama. Kazini namkuta, nyumbani namkuta, hata kwenye simu yangu yumo.

Wiki iliyopita aliniita tena. Mchapaji anataka kutoa toleo la pili, na faili linatakiwa Ijumaa hii. Aliniambia nimwandikie Bi Miwani barua ya mwisho. Nikaandika anavyosema, naye akitazama ukuta, si mimi. Alisema kwamba katika kitabu chote ni sura ya saba tu ambayo hakuitunga. Yale maneno aliyasema kweli, kwa mtu wa nyumbani kwake. Magoti ndiyo yaliyomshinda. Kila akienda jikoni anarudi na glasi ya maji asiyoitaka, kwa hiyo akayaandika, akitumaini mwenyewe aliyeambiwa atayasoma.

Alingoja, dada. Nami nikamuuliza kama nitume. Akasema nitume.

Siku mbili Bi Miwani hakujibu. Angejibu nini? Kumsamehe ningeweza mimi, siyo yeye. Jumatatu mama mkwe akasema basi, kimya nacho ni jibu, nifungue faili tuiondoe ile sura. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, kama mimi pia naona mama mkwe wa namna hiyo hayupo.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile niliposoma sura ya saba nililia mpaka mteja akaniletea kitambaa. Nililia na nikaandika kwamba ni uongo, mimi mwenye sheria yangu moja. Na Jumatatu, aliponiuliza uso kwa uso, nilimjibu kwamba mimi si mtu wa vitabu. Akasema haya, futa. Nikafuta. Kurasa kumi na tisa, yeye akiwa amekaa kando yangu, mkono wake juu ya kiti changu. Alinishukuru kwa kumsaidia.

Nakala iliyochapwa ninayo, naweza kuiandika upya kabla ya Ijumaa. Hilo si gumu. Gumu ni kutoka hapa nilipo hadi chumba cha pili, hatua nane, nimwambie Bi Miwani ni nani na kwamba alilia. Jana nilifika mlangoni mara mbili, nikarudi. Akijua, labda atanifukuza, na atakuwa na haki. Nimechoka, dada. Najijua, nikiachiwa mwenyewe nitarudi kila siku mpaka Ijumaa ipite.

Ndiyo sababu barua hii nampa jirani yetu muuguzi, anasafiri kuja huko leo, ataifikisha mkononi mwako kesho Alhamisi. Nisalimie shemeji, wabusu wanangu, na mguu uupumzishe. Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Mpigie mama mkwe. Kama nimeshamwambia, utajua kwa sauti yake. Kama bado, mwambie wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo