Jembe Limenifuata, Mume Hajanifuata

Shikamoo Mama Mshauri, naomba unisaidie kabla mvua haijanipita. Tarehe 14 Januari mume wangu Ndizeye alinipiga mbele ya mama yake kwa sababu chakula kilichelewa, nami nikafanya kile ambacho sisi wenye asili ya Burundi tunakiita kwahukana, yaani mke aliyekosewa anaondoka bila kelele, anarudi kwa wazazi na kukaa mpaka mume aje na wazee na pombe ya ndizi, akiri kosa mbele ya baba mkwe, ndipo amrudishe. Nikawaacha watoto, nikaja kwa baba hapa Murukulazo. Ndizeye anaujua utaratibu huo, kaka zake wote wamewahi kuwafuata wake zao hivyo, lakini Machi hii inakwisha hajaja, na kaka yangu alipomkuta mnadani Kanazi akamwambia, "Shemeji, mkeo anakusubiri," akajibiwa, "Nani alimfukuza? Njia aliyopita haijaota majani." Wifi yangu Joyceline kila akisonga ugali ananiuliza, "Wifi, wale wazee wanakuja leo, niongeze unga?" Jumapili binti yangu Irine alikuja peke yake na jembe langu begani, akasema, "Mama, baba amesema usihangaike kulifuata." Baba alilitazama akaingia ndani, mimi nikamwambia mama labda Ndizeye amelituma nisikae bure wakati namsubiri. Je, nirudi mwenyewe au niendelee kusubiri?

M., Murukulazo

M., pole kwa kipigo. Kwa kuondoka hukukosea. Ila usijidanganye. Kwahukana ni neno la watu wawili, mmoja anaondoka na mwingine anamfuata. Asipofuata, jina lake ni kuachwa. Baba yako alilielewa lile jembe, kwamba unaambiwa ubaki ulime kwenu, kabla Irine hajalitua, na wewe pia, ndiyo maana umeniandikia.

Ukirudi peke yako, utakuwa umemwambia kwamba kukupiga hakumgharimu kitu. Ulipokosea ni kuwaacha watoto kwa mtu anayepiga. Kesho nenda na baba yako kwa ofisa ustawi wa jamii, eleza kipigo, wadai wanao. Kisha mwombe baba kipande cha shamba, ukapande maharage kwa jembe hilohilo, na yakikomaa mpelekee Joyceline apike.

Ndizeye akija na wazee, baba atawapokea. Wewe maliza kwanza mstari wako wa maharage.