Mama Yako Alikanyaga Breki, Riziki

Riziki, dada yangu,

Mama yako amefika. Najua ungependa kuanza na hilo. Alifika kwa mabasi kutoka Uvira, miguu imevimba, mfuko wa ndagala, dagaa wakavu wa kwenu, begani, na sisi tulikuwa tumeshakuzika. Karatasi za mpakani zilimchelewesha. Aliponiona pale stendi alitazama nyuma yangu, kana kwamba ulikuwa unaegesha gari na ungetokea. Kisha akakumbuka, akalia. Sijui nikuelezee vipi uso ule.

Meza yetu pale sokoni Warwick bado ipo. Sombe nauza, majani yale ya muhogo, na unga wa muhogo nauza, lakini upande wako nimeuacha wazi. Wateja wa Kikongo wanauliza, "Iko wapi ule mwenzako?" Mwanzoni nilikuwa nawajibu. Sasa nawafungia tu sombe, wananielewa. Figo zilikuchukua haraka mno, Riziki. Wiki moja unabeba magunia, wiki inayofuata unaniomba nikushikie kikombe cha maji.

Nataka nikuambie habari ya pikapu yetu, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Mama aliomba nimpeleke kaburini. Asubuhi nilifungua boneti kama ulivyonizoesha. Mafuta ya breki yalikuwa kwenye mstari. Nilikanyaga pedali kabla ya kuondoka, ilikuwa ngumu, nzuri. Nilichungulia chini ya matairi, hapakuwa na tone. Mama akapanda, kitenge chake cheusi, maua mapajani. Tukatoka nyumbani Sydenham.

Kwenye ule mteremko mrefu nilikanyaga, na kitu kikapasuka. Mguu ukazama. Pedali ilikwenda karibu na sakafu, gari likapunguza kidogo tu, halafu likaendelea kuteremka. Chini kulikuwa na robot, zile taa za kuongoza magari, nyekundu imewaka, taxi mbili zimesimama zimejaa watu. Mama alikuwa ananisimulia ulivyozaliwa mvua ikinyesha. Hakujua lolote.

Nikakusikia. Usinicheke. Nilisikia sauti yako ile ya kugomba: "Pampu! Usishangae, pampu!" Nikapampu pedali. Nikashusha gia, injini ikalia. Nikavuta handibreki kidogo kidogo, siyo kwa nguvu, kwa sababu uliniambia matairi ya nyuma yakijifunga gari litakwenda ubavu. Kushoto kulikuwa na barabara ndogo inayopanda kuelekea nyumba za watu. Nikakata kona. Gari likapanda, likachoka, likasimama. Nikamalizia handibreki. Maua yote yalikuwa miguuni kwa mama.

Akaniuliza, "Tumefika?"

Nililia nimeinamia usukani, na yeye akanipapasa mgongo bila kujua kwamba nalia kwa ajili yake. Kwamba nilitaka kumpeleka kwako na nilikaribia kumpeleka vibaya.

Baba mmoja Mzulu alitoka nyumbani kwake, akaweka mawe nyuma ya matairi, akalala chini akatazama. "Eish, sister," akasema. Ule mpira unaopeleka mafuta kwenye tairi la mbele kushoto ulikuwa umepasuka. Kwa nje ulionekana mzima. Umeoza kwa ndani. Alituvuta kwa gari lake mpaka nyumbani, pole pole, akakataa hata chai.

Kesho yake nilinunua mipira mipya, ya pande zote mbili, maana ungenigombeza kama ningebadilisha mmoja. Nikapiga jeki, nikaweka vyuma vya kuegemeza gari, nikafungua matairi. Kufunga mipira niliweza. Halafu nikafika kwenye kutoa hewa iliyoingia kwenye breki. Pale nikakaa chini kwenye saruji.

Kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja chini na spana, mmoja juu kwenye pedali. Siku zote chini ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa mguu tu. Nilikuwa nakaa juu nakula karanga, wewe unapiga kelele: "Kanyaga! Shikilia! We Tatu, usiachie, hewa itarudi!" Sasa nimeshika spana, na kiti cha dereva kitupu.

Mama yako alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akaweka ungo pembeni. "Mutoto yangu, kunakosekana nini?"

Nikamwambia kunakosekana mtu wa kukanyaga.

"Mimi niko hapa," akasema.

Hajawahi kukaa kwenye kiti cha dereva maisha yake yote. Alivua viatu kwanza, kama anaingia chumbani kwa mtu. Nikamwonyesha pedali ya katikati. Nikalala chini, nikaanza na tairi la mbali kabisa, nyuma kushoto, nikachomeka mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea hewa, ncha ya pili nikaitumbukiza kwenye chupa. Nikasema, kanyaga mama. Kanyaga, achia, kanyaga. Sasa shikilia. Nikafungua ile nati ndogo, mafuta yakatoka. Nikafunga. Achia.

Tulipofika mbele kushoto, povu likatoka kwenye chupa, hewa nyingi. Nikasema shikilia, usiachie. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini:

"Riziki alikuwa analalaka hapo chini?"

"Ndiyo, mama. Hapa hapa nilipo."

Kisha nikasikia kilio. Siyo kile cha stendi ya mabasi, hiki kilitoka mbali, gari zima likatikisika. Nati ilikuwa wazi, spana mkononi, namtazamia aachie. Angeachia nisingemlaumu. Lakini pedali haikurudi. Alilia, akaita Mungu, akakuita wewe, na mguu wake haukuachia mpaka nilipofunga na kumwambia basi, mama, basi, pumzisha.

Kisha akafuta uso, akasema tuendelee.

Tulikuja kwako siku iliyofuata. Kabla ya kutoka nililijaribu gari uani, mbele na nyuma, nikakagua kila kiungo kama pana unyevu. Kwenye mteremko pedali ilikuwa juu, ngumu, kama jiwe. Nilipotazama pembeni, mama alikuwa anakanyaga sakafu upande wake, pamoja na mimi, kwa nguvu zote.

Ulituona? Pale kwako pana kibao cha mbao tu, na nyasi bado hazijashika. Nilisimama mbali nimwache na wewe. Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye udongo, akasema, "Kabibi. Kabibi wangu, nimekuja." Miaka yote tumelala chumba kimoja, hukuniambia kwamba nyumbani unaitwa Kabibi. Nimejiuliza kwa nini. Labda jina lile lilikuwa la kinywa chake peke yake.

Anaondoka Jumamosi. Nitampeleka stendi mwenyewe, na nitampigia kila Jumapili, na akitaka kulia nitabaki kwenye simu. Na kibao kile nitakiondoa, nitaweka jiwe. Nimeshamwomba ruhusa mama ya kuandika majina yote mawili, akaitikia kwa kichwa.

Lala, Riziki. Lala, Kabibi wa mama yako.

Mimi,
Tatu