Sura ya Mwisho ya Mfinyanzi

Mzee Banamali,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ya umri tu, usije ukadhani ni mapenzi.

Walikuchoma Morogoro kama ulivyotaka, na majivu yako mkwe wako akayamwaga mto Mkondoa, pale darajani, maji yakiwa ya matope. Kwa hiyo huna kaburi. Ningekuwa na mahali pa kwenda kukutukana, nisingehangaika kuandika. Nakuandikia hapa mashineni, nimekalia kiti chako, mjane wako kanipa pamoja na funguo. Mashine inakoboa vizuri. Umeme unakatika vilevile.

Nilikuja kwako kutoka Kilangali, mtoto wa kibarua wa mashamba ya mbegu, nijifunze ufundi. Wewe ulishamaliza kazi ya mitambo ya sukari kule Ruaha, umeoa Msagara, umefungua mashine ya mpunga hapa Kilosa. Nilidhani nitajifunza mikanda na bearingi, basi. Kumbe umeme ukikatika mchana ulikuwa unatoa kile kitabu chako chenye jalada lililoliwa na mende, hadithi ya mapenzi ya kizamani kwa Kiodia, lugha ya kwenu India. Unasoma kwa kuimbaimba, halafu unatueleza kwa Kiswahili. Ulisema kijijini kwenu kulikuwa na nyumba ya kusomeana namna hiyo. Akina mama walikaa juu ya magunia wakakusikiliza, na wengine wakawa wanaleta mpunga debe moja moja ili wapate sababu ya kurudi kesho.

Hadithi yenyewe, kijana mfinyanzi anampenda binti wa mkuu wa kijiji. Baba mtu anamwambia achimbe bwawa, likijaa maji binti ni wake. Kijana anachimba. Kila akidhani amemaliza, baba anapima kwa fimbo na kusema bado dhiraa tatu.

Nilipokuambia namtaka Sabita, binti yako, hukukasirika. Bora ungekasirika. Ulinimiminia chai, ukasema wajukuu zako watazaliwa hawaijui lugha yako, basi nijifunze Kiodia, nitafsiri kitabu chote kwa Kiswahili kizuri, na siku nitakayoandika neno la mwisho nilete posa. Ukaniomba nisimwambie Sabita chochote mpaka siku hiyo, kwa heshima ya nyumba. Nikakubali. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na akili zangu timamu.

Miaka minne, Mzee. Ulinichorea herufi kwa chaki sakafuni, zote mviringo kama vitumbua, nikizichanganya unanizaba kofi la kisogo. Nikileta daftari unasoma, unakuna shingo, unasema, "Bado sura tatu, bwana mdogo." Mama Tausi, yule mteja wetu wa Kilangali asiyejua kunong'ona, alisema siku moja mbele ya watu, "Huyo baba anamchezea mtoto wa watu, hampi ng'o." Tulicheka wote. Wewe ulicheka mpaka ukavua miwani.

Jamani, mimi nilikuwa natafsiri kudanganywa kwangu mwenyewe, na bado nakuomba unisahihishe.

Sabita ulimwoza Mikumi, kwa mwenye nyumba ya wageni pale barabarani malori yanapolala. Nilijua siku uliponituma nikapakie maturubai kwenye gari. Nikaenda. Nilifunga maturubai, nikapanga viti, nikala wali wa harusi. Ulinipitia na sahani yako ukasema, "Lakini kitabu tukimalizie." Na mimi, mwanaume mzima, nikajibu sawa. Nadhani nilishakipenda kitabu chenyewe, na hilo linaniuma kuliko yote.

Sasa sikiliza yaliyotokea msibani kwako. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachochea moto wa chai, Sabita akanifuata, mtoto mgongoni. Akasema polepole, "Baba aliniambia una mchumba Berega, nesi, ndiyo maana hukuwahi kunisemesha. Nilikungoja sana. Ulishamuoa?"

Mimi Berega sijawahi kukanyaga.

Nilimtazama. Macho yamevimba kwa kukulilia wewe. Ndani mama yake amelala chini hajiwezi. Nikasema, "Alifariki." Lilinitoka tu. Sabita akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole. Nikaipokea, Mzee. Nimepewa pole ya mwanamke uliyemtunga wewe, kwenye matanga yako, na mtu niliyekuwa nimuoe.

Kabla hajarudi Mikumi akaniletea furushi la karatasi. Sura ya mwisho, ile uliyoichana kitabuni ukaificha sandukuni miaka yote hiyo. Juu umeandika kwa mkono wako: Idi amalizie, ampe Sabita, asipunguze neno. Sabita kasema ataingoja, anataka kukijua kitu ambacho baba yake alikipenda kiasi kile.

Nimeisoma jana mchana. Bwawa linajaa. Kijana anakuja amevaa nguo safi, na binti ameshavushwa mto kwenda kuolewa. Ameondoka bila kuuliza, kwa sababu baba yake alimwambia kijana ana mchumba kijiji cha pili. Hata uongo hukuweza kutunga wa kwako. Uliutoa kitabuni, ukabandika Berega.

Nimejiuliza kama ulikuwa unaungama. Kama ndivyo, basi umeungama kama mwoga, umesubiri uwe majivu ndipo unitume mimi nikakusemee kwa binti yako. Wiki tatu za mwisho nilikunywesha uji kwa kijiko, mimi na wewe tu chumbani, na mdomo ulikuwa nao.

Ningeweza kuibadilisha. Baba awe mwema, mto ufurike, binti apotee kwa kudra ya Mungu, Sabita alie kidogo na aendelee kukupenda. Kilosa nzima hakuna mwingine wa kunisahihisha. Nimeishika kalamu kwa nia hiyo, nikaiweka chini.

Nakuahidi, Mzee wangu, neno sitapunguza. Nitaiandika kwa mwandiko mzuri, niipeleke Mikumi mwenyewe, nimkabidhi mkononi. Akifika pale atakujua wewe ni nani, na atajua pia kwamba Berega hakufa mtu. Atatuchukia wote wawili, na mimi ndiye niliyebaki hai wa kuchukiwa.

Kwaheri. Sentensi ya kwanza nimeshaiandika, na imekaa vizuri.

Mwanafunzi wako,
Idi