Wafadhili Wameondoka, Nami Nalala Usingizi

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie, maana nina furaha inayonitia aibu. Mimi ni mkunga katika zahanati iliyobebwa kwa miaka mingi na shirika la misaada kutoka nje, na sikatai, walituletea vitanda na dawa, wapo watoto wanaokimbia leo kwa sababu yao, lakini kila wageni wao walipokuja tuliambiwa tuwapange akina mama kwenye benchi wapigwe picha, wenye uchungu na wasio nao, mpaka siku moja mama mmoja akajifungulia pale pale huku mgeni akiendelea na hotuba, nikamfunika kwa koti langu na kutabasamu, kwa kuwa meneja wa shirika alikuwa amenikodolea macho.

Mwaka huu wakafunga mradi ghafla, tukadhani tumekwisha, kumbe akina mama wakaenda kukaa kwenye korido za halmashauri na watoto mgongoni mpaka serikali ikakubali kutulipa mishahara yetu, dawa zinafika ingawa si zote, mwenye uchungu anaingia moja kwa moja kujifungua, nami nimeanza kulala usingizi wangu wote. Shida ni mume wangu, aliyekuwa dereva wa shirika hilo na sasa anashinda sebuleni. Juzi amesikia wanataka kurudi na wameitisha kikao, anataka nisimame pale niwalilie. Nilipogeuka kumimina chai akaniuliza, "Mke wangu, kwani ulifurahi walipoondoka?" Nikamwambia chai inapoa. Je, nina roho mbaya?

Mkunga Mwenye Siri

Dada mkunga,

Roho mbaya huna. Ulichoka, sasa umepumzika, na mimi nimefurahi pamoja nawe. Aliyeleta kitanda hakununua uso wa anayekilalia. Lile tabasamu usilibebe tena. Ulimfunika mama yule, na kazi yako ilikuwa hiyo.

Lakini kwenye chai nakugombeza. Mwenzio amepoteza kazi, anakuuliza jambo la moyoni, nawe unambabaisha? Mwambie leo, mmekaa wawili, kwamba walipoondoka ulipumua na yeye alipokosa kazi uliumia, na yote mawili ni kweli. Atanuna kidogo, kisha atapumua naye. Halafu mwende halmashauri mkaulize nafasi ya dereva wa gari la wagonjwa, badala ya kusubiri shirika lije limwokoe.

Kikaoni nenda, machozi uyaache nyumbani. Usiwafukuze watu, dawa bado hazitoshi, na mjamzito hatibiwi kwa heshima yako. Waambie wakirudi, dawa zipitie halmashauri, mipango ijadiliwe na akina mama waliokaa kwenye korido, na kamera ziishie getini. Wakikubali, wapokeeni kama wenzenu. Wakikataa, waage kwa adabu urudi wodini, kuna mtu anasukuma.