Koleo Katika Siku za Raja

Jumapili, 5 Juni

Gazeti limekuja limelowa. Yule mleta magazeti analitupa roshani kama anamtupia mbwa mfupa. Nimelianika kwenye kiti.

Delhi kurasa nne. Bombay mbili. Odisha yetu, siku zote, aya moja chini ya tangazo la magodoro – mpaka tupigwe na kimbunga ndipo wanatukumbuka. Leo nusu ukurasa! Kampuni ya chuma inajenga kiwanda na bandari pwani kwetu, Balisahi. Wakazi "wamepokea kwa furaha." Huko ndiko aliko mdogo wangu Kuntala, na bustani ya tambuu aliyotuachia baba. Nimesoma mara mbili, kidole kikifuata herufi. Kihindi, lugha ya huku mjini kwa mwanangu, nimejifunza kusoma uzeeni, kwa gazeti hilihili. Asinicheke mtu.

Furaha ipi? Kuntala hajafurahi tangu aolewe.

Jumatano, 8 Juni

Nimempigia Kuntala. Anasema mwenyekiti wa kijiji amekubali kwa niaba ya wote. Wanaume wameahidiwa kazi ya ulinzi. Walinde nini, mchanga? Wataanza kufyeka bustani zetu, kwa kuwa ziko karibu na maji.

Mwanangu Dibakar anasema hayo ndiyo maendeleo. Nikamwambia yaanzie kwenye bomba la bafu lake, linavuja tangu Diwali.

Mchana usingizi ukanichukua. Nilikuwa ndani ya bustani. Paa la matete, mwanga wa kijani kama niko chini ya maji, majani yanapumua shingoni mwangu. Kule huingii na viatu. Nilipoamka nyayo zangu zilikuwa baridi – na nje joto la kuoka mkate.

Ijumaa, 10 Juni

Ukurasa wa biashara. Ndiyo, nasoma hata huo. Hisa za kampuni zimepanda. Jiwe la msingi litawekwa tarehe kumi na tano, waziri atachimba koleo la kwanza.

Tarehe kumi na tano! Katikati ya sikukuu yetu ya Raja! Siku tatu ardhi iko hedhini, imepumzika kama mwanamke yeyote. Hailimwi, haichimbwi. Mtu gani wa Odisha alikaa kwenye kiti akapanga hivyo? Dibakar anasema tarehe hupangwa Bombay.

"Koleo moja tu, Mama. La kupigia picha."

Nikamuuliza, nilipokuwa na mimba yako, ningekubali koleo moja tu? Mkewe akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Leo ndipo nimempenda.

Nikampigia Kuntala, hakuwa na habari ya tarehe. Papo hapo akasema anakwenda kuongea na wanawake wenzake kisimani.

Jumanne, 14 Juni

Raja imeingia. Nimevaa kandambili tangu asubuhi, nisiikanyage ardhi. Ghorofa ya nne! Saruji ni ardhi? Sijui. Nimevaa tu.

Kuntala kapiga. Wanawake wamefunga bembea za Raja kwenye mivinje, palepale kampuni iliposimamisha hema. Polisi wamekuja kuwafukuza. Wakaulizwa, mama zenu leo wanafanya nini huko makwenu? Wanabembea. Basi. Polisi wamekaa kivulini wanakula keki ya mchele.

Na yeye yuko juu ya bembea, na magoti yale. Mpumbavu. Siku nzima naiona sakafu ikienda na kurudi.

Alhamisi, 16 Juni

Gazeti: "Wanawake washerehekea ujio wa kiwanda kwa bembea." Waandishi wa Delhi! Hata ukiwachora picha hawaoni.

Lakini picha wameitoa. Waziri kashika koleo kama mwavuli wa mtu asiyemjua. Nyuma yake miguu ya wanawake hewani, imepakwa rangi nyekundu. Udongo mzima, haujaguswa. Waziri naye ana mama.

Jioni simu ikalia. Kuntala, sauti imekauka.

"Dada, hakuchimba. Kavuta pazia la jiwe la msingi tu, akaondoka."

Nikacheka peke yangu hapa jikoni. Yeye hakucheka.

Akasema kesho wanaliogesha jiwe la kusagia, ndilo ardhi yenyewe, kwa manjano na maua, ardhi inatakata, mwiko unakwisha. Mashine zimeshapangwa barabarani, zinangoja mwiko uishe. Dereva mmoja kawafuata, kwa adabu kabisa, akawauliza: bibi zangu, kesho mnamaliza kuliogesha saa ngapi?

"Tumjibu nini, Dada?"

Nasikia kamba zikilia kwenye mvinje. Bado hajashuka. Simu iko sikioni, naandika kwa mkono mwingine, na yeye anangoja –