Diwani Aliyekaa Kimya

Orotzai, Sardinia, 9 Machi

Kaka Bachisio,

Jibini limefika huko Torino? Mama ni mzima, ila analalamika kwamba ukipiga simu unamsemesha Kiitaliano kama karani wa posta.

Unataka nijitoe kwenye chama chetu cha Wasardinia, eti naaibisha ukoo. Hebu sikiliza. Mwezi uliopita nilisimama barazani kupinga kufungwa kwa shule yetu, nikasema dakika kumi kwa Kisardinia, kama chama kilivyoamua. Kumbukumbu za kikao zilipotoka, katibu, ambaye huandika yale tu yanayosemwa kwa Kiitaliano, alikuwa ameandika: "Diwani Piras alikaa kimya."

Jana nikarudia. Meya, huyo rafiki yako, akapandwa na hasira, akapiga meza: "We Grazietta, hebu kaa chini! Umetuchosha na hiyo shule yako!" Kisardinia kitupu, kama cha marehemu bibi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nikamgeukia katibu. "Andika basi: meya naye alikaa kimya."

Katibu akaandika maneno yetu sote wawili.

Kura ya shule ni Ijumaa. Sijitoi ng'o. Nawe ukimpigia mama, msemeshe kwa lugha yake, asije akadhani umekaa kimya.

Dada yako,
Grazietta